Nililisogeza hatua kumi tu, likagoma kuwaka

Shikamoo fundi,

Mimi ni kijana wa miaka 32, nakaa Chuno hapa Mtwara mjini, na nina duka dogo la simu na vifaa vyake. Nakuandikia kuhusu gari langu kwa sababu nyumbani wameshaanza kulisema vibaya kila siku, na mimi mwenyewe sijui tena nilitengeneze au niliuze.

Mwezi wa tatu nilinunua Mazda RX-8 ya mwaka 2004, nyekundu, gia ya mkono, gia sita. Nimeitamani tangu nikiwa kidato cha pili, siku niliyoiona picha yake ikiwa imefunguliwa milango, ya mbele huku na ya nyuma kule, kama kabati. Niliipata kwa mtu wa Dar es Salaam, namba D, kwa milioni tisa na laki mbili. Milioni mbili kati ya hizo ni za mjomba wangu, fedha za korosho za msimu uliopita. Kwetu, fundi, mjomba akikupa fedha ujue na kauli yake imo humo.

Nililileta mwenyewe kwa barabara. Nilisimama Kibiti, Nangurukuru na Mingoyo. Kila nilipozima nilinunua maji au nilikula, nikarudi, nikawasha, likaitika palepale. Njia nzima nilikuwa nacheka peke yangu. Ile sauti yake ikipandisha sijaisikia kwenye gari lingine lolote.

Shida ilianza wiki ya pili. Mdogo wangu wa mwisho ndiye anayeliosha. Jumapili asubuhi alilitoa chini ya mwembe akalisogeza mpaka bombani, hata hatua kumi hazifiki, akazima. Alipomaliza kuosha, halikuwaka. Stata ilikuwa inazunguka vizuri tu, tena kwa wepesi, sauti moja iliyonyooka, kama haishiki kitu ndani. Harufu ya petroli ilitapakaa uwanja mzima. Fundi wa kwanza aliyeitwa akafungua njia ya hewa akamimina petroli kidogo "kuliamsha". Halikuamka, na betri ikafa. Mwishowe vijana sita walilisukuma mpaka likawaka kwa mshindo, na moshi mweupe ukafunika mtaa. Lilipokaa nusu saa likawa zima kabisa, kama si lenyewe.

Mara ya pili ilikuwa mwezi wa tano. Nilikuwa nimelitoa getini kumpisha jirani aliyekuwa anaingiza mzigo, nikazima, mvua ikanyesha nikaingia ndani. Jioni likagoma vilevile. Fundi wa pili alifungua plagi, akasema zimeungua, akaleta nne mpya, zote za aina moja. Pamoja na ufundi nilimpa laki moja na themanini. Likawaka, lakini tangu siku hiyo linamisi. Likiunguruma limesimama, bila kukanyagwa mafuta, linatetemeka, na taa ya injini imewaka. Nikilikanyaga sana taa hiyo inamemeta.

Mara ya tatu ni wiki iliyopita, mdogo wangu tena, kuosha tena. Nilimgombeza mbele ya watu kwa maneno ambayo sasa yananiuma. Tangu siku hiyo haniongeleshi. Gari liko uani limefunikwa turubai.

Yule fundi wa pili alipima oili akakuta iko chini sana, na mimi niliweka mpya mwezi wa tatu, nimetembea kama kilomita 1,900 tu. Anasema ringi za pistoni zimekwisha, injini imekufa, na yuko tayari kunifungia injini ya Toyota Altezza kwa milioni tatu na nusu. Mjomba anasema liuzwe fedha yake irudi. Yeye alitarajia limpeleke Newala mara kwa mara, na hajapanda hata siku moja.

Kuna mengine madogo. Redio inashika stesheni moja mbili mwanzoni halafu kimya. Mara mbili nikitoka Shangani usukani ulikuwa mgumu ghafla na taa yake ikawaka, nikazima nikawasha tena ikaisha. Mshale wa joto angalau hauna matatizo, muda wote umetulia katikati.

Naomba uniambie ukweli. Limekufa? Niuze? Au kuna kitu sikifahamu?

Mwenye gari jekundu, Chuno, Mtwara

*

Marahaba, mdogo wangu.

Mtu yeyote asiifungue injini hiyo wiki hii, na laki moja isitoke mfukoni mwako kwa ajili ya Altezza. Halafu, kabla hujagusa turubai, kamwite mdogo wako umwambie hakuharibu kitu kwa uzembe. Alifanya ambacho mtu yeyote angefanya kwa gari lolote lingine, na wewe mwenyewe ulifanya kilekile siku ya jirani. Hilo la getini umeliandika kwa mkono wako na hukuliona.

Soma barua yako upya. Umesafiri kutoka Dar, umezima mara tatu njiani injini ikiwa moto, na mara zote liliwaka palepale. Limegoma mara tatu, na kila mara lilikuwa limewashwa likiwa baridi, likasogea kidogo, likazimwa kabla halijapata joto. Ongeza harufu ya petroli na ile stata nyepesi isiyoshika kitu. Injini yako imelowa petroli. Ingekuwa imechoka kweli, dalili yake ya kwanza ingekuwa kugoma ikiwa moto, pale kituo cha mafuta ulipozima dakika kumi tu, kisha asubuhi ikiwa baridi ikawaka kama kawaida. Wewe umeniandikia kinyume chake, na ndiyo maana nina matumaini.

Sasa nikueleze una nini ndani ya hilo gari, maana mafundi wako wote wawili walilitibu kama gari la pistoni. RX-8 haina pistoni, kwa hiyo haina ringi za pistoni za kwisha. Ndani mna rota mbili za pembe tatu, kila moja inazunguka ndani ya chumba chenye umbo la yai lililobanwa kiunoni. Rota ikizunguka mara moja, mhimili unazunguka mara tatu. Wazo ni la Mjerumani, Felix Wankel. Kampuni ya NSU ya huko Ujerumani ndiyo iliyotangulia kuuza gari lenye injini hiyo, mwaka 1964, na Mazda wakafuata na Cosmo Sport mwaka 1967. Wengine waliachana nayo mmoja baada ya mwingine, Mazda wakaing'ang'ania mpaka wakashinda nayo mbio za saa 24 za Le Mans mwaka 1991. RX-8 ilitengenezwa kuanzia 2003 hadi 2012. Injini yake ni ya sisi 1,308, na ya kwako ya gia sita inaruhusiwa kufika mizunguko 9,000 kwa dakika. Ile sauti iliyokuchekesha njia nzima inatoka hapo. Naipenda injini hii na sikufichi. Lakini ina tabia zake, na asiyezijua atalia nayo.

Kwenye kila ncha ya rota kuna sili, kipande chembamba cha chuma kinachosugua ukuta wa chumba na kuzuia mgandamizo, yaani kompresheni, usivuje. Sili hizo hushika kwa msaada wa utando wa oili. Injini ikiwa baridi kompyuta huingiza petroli nyingi zaidi, kama gari lolote lile. Ukiizima dakika hiyo, petroli ambayo haijaungua inabaki chumbani, inaosha ule utando, na plagi zinalowa. Unapopiga stata tena sili hazishiki, kompresheni inashuka, moto hauwaki, na kila mzunguko unaongeza petroli nyingine. Ndiyo ile sauti nyepesi uliyoisikia. Yule fundi aliyemimina petroli kwenye njia ya hewa alimpa maji mtu aliyezama.

Namna ya kuiondoa petroli hiyo ni hii. Kwanza chaji betri usiku kucha, au weka nyingine yenye nguvu. Injini hii inataka stata iizungushe haraka, mizunguko kama 250 kwa dakika, na betri iliyochoka haiwezi. Nchini Marekani wenye magari walilalamika sana juu ya kulowa huku, mpaka kampuni ikaleta stata yenye nguvu zaidi. Yako ikiwa ya zamani na nzito, kuibadilisha ni fedha iliyotumika vizuri.

Asubuhi keti kwenye kiti, kanyaga kluchi, halafu kanyaga pedeli ya mafuta mpaka sakafuni na uishikilie hapohapo. Najua inaonekana kama unaongeza petroli. Kwenye gari hili, pedeli ikiwa chini kabisa wakati wa stata, kompyuta inakata petroli. Piga stata sekunde kumi, usizidishe, achia, pumzisha dakika moja, rudia. Baada ya mara tatu au nne achia pedeli ya mafuta na uwashe kama kawaida. Likianza kukohoa, lisaidie kwa pedeli kidogokidogo. Moshi utatoka mwingi, majirani waambie mapema. Liache liungurume mpaka lipate joto kamili, robo saa hivi, usizime kwa sababu yoyote.

Likikataa, plagi zitoke. Ziko ubavu wa kushoto wa injini, na njia rahisi ni kuvua tairi la mbele kushoto uingilie hapo. Chomoa fyuzi ya pampu ya petroli, chomoa na soketi za koili ili pasiwe na cheche, kisha piga stata plagi zikiwa nje. Petroli itaruka kwenye matundu, kwa hiyo fanya hivyo mahali pa wazi, mbali na jiko la mkaa na mbali na mvuta sigara. Kausha plagi. Tia oili ya injini kijiko kimoja cha chai kwenye kila tundu la chini, zungusha kidogo ili sili zipate tena utando wake, rudisha kila kitu, washa. Na msilisukume tena. Linawaka kwa kusukumwa, ndiyo, lakini ile petroli inayotupwa bila kuungua inaingia kwenye masega ya ekzosi, yaani kile kisafisha moshi, na kuungulia huko. Masega yakiyeyuka yanaziba njia ya moshi, gari linakosa nguvu, joto linarudi nyuma kwenye injini, na hapo ndipo injini nzima hufa kweli.

Hizo plagi zenyewe ni kesi nyingine. Uliponiandikia kwamba zote nne ni za aina moja nilijua kumisi kunatoka wapi. Kila rota ina plagi mbili na hazifanani. Ya chini ndiyo inayotangulia kuwasha, ya juu inafuata. Za NGK zinazokuja na gari hili zimeandikwa RE7C-L kwa chini na RE9B-T kwa juu. Angalia zilizofungwa. Zikiwa za kwenye magari ya kawaida, zitoe hata kama ni mpya. Kagua pia nyaya nne zinazotoka kwenye koili, maana ni rahisi mno kuzipishanisha wakati wa kurudisha, ya juu ikaenda chini. Koili za gari hili nazo huchoka mapema. Kama hujui zimebadilishwa lini, hesabu kwamba zimekwisha, ubadilishe koili zote nne, nyaya na plagi kwa pamoja. Na ile taa ya injini inapomemeta maana yake petroli inapita bila kuungua muda huohuo, kwa hiyo toa mguu. Kila dakika unayoendelea kukanyaga unayachoma masega.

Sasa oili. Kushuka ndani ya kilomita 1,900 ni maumbile ya injini hii. Ina pampu yake ndogo inayochukua oili kutoka kwenye karta, lile bakuli la oili chini ya injini, na kuinyunyiza ndani ya chumba ili kulainisha zile sili, na oili hiyo inaungua pamoja na petroli. Imetengenezwa iile oili. Wenye RX-8 wengi huongeza kama lita moja kila kilomita 1,500 hadi 3,000, inategemea mguu. Ukiona haishuki kabisa, hapo ndipo uogope. Kosa lako ni moja tu, nalo ni kubwa: kutoka Machi mpaka sasa hukuchungulia stiki ya kupimia oili. Kuanzia leo, kila ukijaza tangi mara mbili, pima. Gari liwe mahali tambarare, injini imezimwa dakika tano, futa stiki, chovya, soma, kisha rudia, kwa sababu stiki ya gari hili inadanganya mara ya kwanza. Usisubiri taa, huchelewa. Weka lita moja ya oili ileile kwenye buti siku zote. Kitabu cha gari kwa nchi nyingi kinataja 5W-30, na wamiliki wengi wa nchi za joto huweka 10W-40. Chagua moja ubaki nayo. Chujio la oili liko juu, ukifungua boneti unaliona, hata mdogo wako anaweza kujifunza kulibadilisha.

Yote hayo ni matengenezo. Swali lako la kuuza au kubaki nalo linajibiwa na kipimo kimoja, na mpaka kipimo hicho kifanyike mimi, mjomba na fundi wa Altezza wote tunakisia. Pima kompresheni. Kipimo cha kawaida cha pistoni kinaonyesha namba moja ya juu kisha kinaishikilia, na kwa injini hii hiyo haitoshi, kwa kuwa kila rota ina nyuso tatu na kila uso una kompresheni yake. Kipo kipimo maalumu cha rota, kinachotoa namba tatu kwa kila rota, jumla sita. Injini mpya ni kama kilopaskali 830, sawa na baa 8.3, kwa mizunguko 250. Mwisho unaokubalika ni 680. Tofauti kati ya nyuso za rota moja isizidi 150, na kati ya rota na rota isizidi 100. Kipimo hicho hakipatikani kila gereji, na pengine itabidi ukitafute Dar, kwa hiyo kabla hujafika huko fanya hiki cha kienyeji: chukua kipimo cha kawaida, toa vali yake ndogo ili mshale usikwame, kifunge tundu la plagi injini ikiwa na joto, mwambie mtu apige stata huku wewe unapiga video mshale kwa simu. Uitazame polepole. Mshale unatakiwa uruke mara tatu tatu kwa urefu uleule. Ukiona mruko mrefu, mrefu, mfupi, kuna sili inavuja. Usiamini namba za njia hii. Angalia kama miruko inalingana.

Miruko ikilingana, na namba za kipimo maalumu zikiwa juu ya 680, una injini nzima na ninakushauri ubaki nalo. Zikiwa chini, mjomba ana haki. Injini itahitaji kufunguliwa na mtu aliyewahi kufungua rota, na watu hao ni wachache nchini. Hapo uza, na umwambie mnunuzi namba hizo bila kuzificha, kama ambavyo wewe ungependa kuambiwa mwezi wa tatu.

Kuhusu Altezza, sikatai kwamba linawezekana, nimeona yaliyofungwa yakatembea. Ila milioni tatu na nusu ni ya kuanzia. Giaboksi haikai, nyaya hazisomani, dashibodi na usukani wa umeme vinasubiri taarifa kutoka kwenye kompyuta ya injini ambayo haipo tena, na namba ya injini iliyo kwenye kadi ya gari nayo lazima irekebishwe kisheria. Na ukishamaliza yote hayo utakuwa umeiondoa sababu iliyokufanya ulipende tangu kidato cha pili.

Kuna jambo uliloliandika kama faraja, nalo ndilo lililonitisha kuliko yote. Umesema mshale wa joto umetulia katikati muda wote. Mshale wa gari hili umewekwa hivyo makusudi. Joto likipanda nyuzi nyingi, wenyewe bado unakaa katikati, na ukiuona unapanda ujue limeshachemsha. Injini ya rota haivumilii kuchemsha hata mara moja. Sili za maji zinaungua, na hapo ni kufungua yote. Nunua kile kifaa kidogo cha kuchomeka kwenye soketi ya uchunguzi chini ya dashibodi, kinachotuma taarifa kwenye simu. Wewe unauza simu, utakipata kabla ya wengine wote. Kitakuonyesha joto lenyewe kwa namba. Feni inaanza kuzunguka karibu na nyuzi 97. Ikipita 105 punguza mwendo, zima kiyoyozi. Ikiendelea kupanda, egesha pembeni. Taa ya maji kupungua nayo hujulikana kuwaka bila sababu kwenye magari haya, lakini usiwahi kuipuuza kabla hujafungua boneti na kutazama kwa macho.

Mbele chini ya bampa kuna vipoza oili, kwa kawaida kimoja kila upande kwenye toleo lako la gia sita. Vumbi la huku kwetu na majani makavu vinajaa humo. Visafishe kwa maji yasiyo na presha kubwa kila mwezi, msimu wa kiangazi kila wiki mbili. Joto la Mtwara linatosha, usiliongezee blanketi.

Usukani. Ni wa umeme, na umeme ukiyumba unajizima. Upepo wa bahari wa Shangani unaokula mabati ya nyumba unakula pia soketi. Anza na vichwa vya betri na waya wa bodi, safisha mpaka ving'ae, kisha pima alteneta injini ikiunguruma, iwe kati ya volti 13.5 na 14.5. Bado tatizo likijirudia, fungua soketi za mtambo wa usukani, zisafishe kwa dawa ya umeme, zifunge kwa nguvu. Hili lifanyike kabla hujatoka tena mjini. Usukani ukikugomea kwenye kona ya Mikindani na lori linakuja, hutakuwa na muda wa kuzima na kuwasha.

Redio haina ubaya wowote. Ya Japani ya miaka hiyo inashika masafa kuanzia 76 mpaka 90, na stesheni zetu ziko kati ya 88 na 108. Kipo kifaa cha kushusha masafa, ni cha bei ndogo. Au badilisha redio.

Tazama na sehemu ya tairi ya akiba. RX-8 nyingi hazikuja nayo, zilikuja na dawa ya kuziba pancha na pampu ndogo, na dawa hiyo ya mwaka 2004 imeshakauka. Usiku kati ya Nangurukuru na Mingoyo si mahali pa kuligundua hilo.

Na kuendesha je? Likiwa baridi usilipandishe zaidi ya mizunguko 3,000. Likishapata joto usilionee huruma. Ukiliendesha kibibi kila siku masizi yanajaa na sili zinakwama. Mara moja moja, barabara ikiwa tupu, liweke gia ya pili ulipandishe mpaka 7,000 hivi, mwendo utakuwa karibu kilomita 85 kwa saa, kisha achia. Petroli litakunywa, kilomita sita hadi nane kwa lita, kwa hiyo zile kilomita kama 560 za kwenda Dar zinakula lita 70 hadi 93 na tangi halifiki huko. Weka hesabu hiyo mezani nyumbani, mkeo kama unaye aione, isiwe siri.

Kwa mjomba usiende na maneno matupu. Nenda na karatasi ya kipimo. Mwambie pia, kwa heshima, kwamba hili si gari la kumpeleka Newala. Liko chini mno kwa kipande chochote chenye vumbi na mashimo, na vile vipoza oili vikigonga jiwe umelipoteza. Mpangie siku ya kumrudishia milioni mbili zake kidogokidogo kutoka dukani, hata laki mbili kila mwezi, ili kauli yake juu ya gari hili ipungue kadiri deni linavyopungua. Na Jumapili moja mchukue, mpeleke Lindi kwa lami, mle samaki, mrudi.

Kuanzia sasa kuosha kuwe hivi: gari linaoshwa lilipo. Ikibidi lisogee, ufunguo uwe kwenye swichi ili usukani usijifunge, stata isiguswe, gia huru, mdogo wako asukume na wewe usukume. Lina kama kilo 1,300, uani kwenye udongo mgumu watu wawili mnaliweza. Ukishaligusa stata, liungurume mpaka lipate joto, hata kama jirani ana haraka.

Betri iingie kwenye chaji leo jioni. Ukishapata namba zote sita, niandikie, za rota ya mbele kwanza, na stata ilikuwa inazungusha mizunguko mingapi.